Kitanda Kabla ya Jengo: Hoja Kuhusu Tiba ya Uraibu wa Pombe Ikonge, Nyamira

Kila wimbi la kupambana na pombe nchini Kenya huacha nyuma ahadi ya jengo. Baa hufungwa, mitungi ya chang'aa humwagwa mitaroni mbele ya kamera, kisha kiongozi fulani husimama na kutangaza kwamba kila kaunti sharti iwe na kituo chake cha kurekebisha tabia. Kauli hiyo imerudiwa hata imekuwa vigumu kuihoji. Makala haya yanaihoji, tena yanaihoji kutoka Ikonge, soko la Nyamira Kaskazini wanakokutana wakulima wa majani chai, walimu, mama mboga na vijana wa bodaboda, na ambako safari ya kutafuta tiba ya kulazwa huanzia kwenye steji ya matatu. Dai linalotetewa hapa ni kwamba mji wa aina hii unahitaji kwanza kitanda cha wiki moja katika hospitali iliyopo jirani, pamoja na mtu wa kumfuatilia mgonjwa mwaka mzima baada ya hapo. Jengo laweza kusubiri.

Kuhusu ukubwa wa tatizo hakuna ubishi wa maana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ulikadiria kwamba Wakenya 4,733,152 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia angalau aina moja ya kileo au dawa ya kulevya. Waliokunywa pombe walikuwa 3,199,119, na zaidi ya milioni 1.3 walikuwa wamefikia uraibu wa pombe. Miaka miwili kabla ya hapo, jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 nayo ilikwisha kumhesabu aliyeathirika akili kwa pombe kuwa mgonjwa kama wagonjwa wengine. Kinachobishaniwa ni mgonjwa huyo afanyiwe nini, na afanyiwe wapi.

Kambi yenye sauti kubwa zaidi hujibu kwa kuutazama mtungi badala ya mnywaji. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010, ambayo wananchi waliibatiza Sheria ya Mututho, iliiruhusu chang'aa kwa sharti kwamba iwekwe kwenye chupa ya glasi isiyopungua mililita 250, na ikazifunga baa hadi saa kumi na moja jioni siku za kazi. Mwezi Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa mojawapo. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako wa kile kilichoitwa vileo vya kizazi cha pili. Februari 2024 watu zaidi ya 10 walikufa Kirinyaga, na mwezi uliofuata Kithure Kindiki, wakati huo Waziri wa Usalama wa Ndani, akatoa msururu wa hatua mpya. Julai 2025 ikaja sera inayopendekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Huenda kila hatua ilikuwa na sababu yake. Lakini katika msururu wote huo mraibu anaonekana kama mteja wa kunyang'anywa bidhaa, na hakuna anayeuliza mwili wake unafanya nini usiku wa kwanza bila bidhaa hiyo.

Swali hilo lina jibu linalojulikana. Aliyekunywa kila siku kwa miaka, akikatiwa ghafla, huanza kutetemeka mikono, kutokwa jasho na kutapika ndani ya saa 6 hadi 24. Katika siku mbili za mwanzo anaweza kushikwa na degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne, wachache hufikia hali ya kuweweseka, kuona visivyokuwapo, joto kupanda na moyo kwenda mbio, na hapo bila matibabu mtu anaweza kufa. Wanywaji wenyewe hawajasoma vitabu vya tiba ila wanaijua hali hiyo vizuri: ndiyo maana asubuhi hutafuta glasi ya kutoa loki, nao mkono hutulia. Serikali ikiwaambia waache leo, wale wenye uraibu mkubwa wanaambiwa wafanye jambo la hatari kabisa wakiwa peke yao nyumbani.

Dawa zinazohitajika si za ajabu. Ni diazepamu kwa vipimo vinavyopunguzwa siku hadi siku, thiamini ya kuukinga ubongo, maji, kipimo cha shinikizo la damu, na muuguzi wa usiku anayejua anachokitazama. Hospitali ya kaunti ndogo kama ile ya Ekerenyo, jirani na Ikonge, ni ngazi inayotosha kwa wengi wa wagonjwa hawa, na wale wachache wenye historia ya degedege au maradhi ya ini wapelekwe Nyamira mjini au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Hili lingekuwa jambo la kawaida, kama ilivyo kwa malaria kali, lau mlevi anayetetemeka angepokelewa kwenye foleni kama mgonjwa.

Kwa sasa njia inayozungumzwa zaidi ni ndefu. Kitengo cha waraibu kipo katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Hospitali ya Mathari iko Nairobi. Vituo vya kibinafsi vinatoza makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwezi, na kozi ya kawaida huchukua miezi mitatu. Mwendesha bodaboda anayelipa mkopo wa pikipiki hawezi kukaa miezi mitatu bila kipato hata kama angelazwa bure. Mkulima naye hawezi, kwa sababu majani chai huchumwa kwa zamu na hayamngoji mgonjwa. Gharama ya kituo haiishii kwenye ankara.

Ushahidi unaoubeba mzigo wa hoja hii unatoka huko huko Eldoret, ila si wodini. Rebecca Papas na wenzake, wakifanya kazi katika kliniki za HIV za mpango wa AMPATH, walichukua mbinu ya tiba ya fikra na mienendo iliyozoeleka kutolewa na wanasaikolojia, wakaibadili iendane na maisha ya huko, wakaiendesha kwa Kiswahili katika vikundi vya wanaume peke yao na wanawake peke yao. Waliotoa tiba hiyo hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa wasaidizi waliofunzwa na kusimamiwa kwa makini. Vikao vilikuwa 6, kimoja kila wiki. Wengi wa wagonjwa walikunywa pombe za kienyeji, zile zile ambazo misako ya pombe huzifukuza.

Katika jaribio la awali lililochapishwa mwaka 2011, wagonjwa 75 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata vikao na wengine huduma ya kawaida. Mahudhurio yalifika asilimia 93 ya vikao, jambo linalostahili kusomwa mara mbili na yeyote aliyewahi kusema kwamba walevi hawatulii kitini. Siku 90 baadaye, asilimia 69 ya waliopata vikao walisema hawanywi, dhidi ya asilimia 38 ya wenzao. Jaribio dogo, matokeo makubwa: hapo mtafiti mwangalifu hunyanyua nyusi. Kwa hiyo lilifuata jaribio kubwa la watu 614, safari hii kikundi cha kulinganishia kikipewa vikao vya elimu ya maisha yenye afya ili tofauti isiwe tu ya kuhudumiwa na kutohudumiwa. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba waliopata tiba hiyo walikunywa kwa siku chache zaidi kuliko wenzao, na tofauti hiyo ilidumu kwa miezi 9 ya ufuatiliaji.

Kwa nini kikundi kilifaa? Watafiti wana maelezo yao ya kisaikolojia. Hapa linaongezwa moja la kienyeji, ambalo halijathibitishwa na yeyote: katika sehemu nyingi za magharibi ya Kenya, Gusii ikiwemo, pombe ya wimbi ilinywewa na wazee waliouzunguka mtungi mmoja kwa mirija. Anayeacha pombe peke yake anapoteza pia baraza. Kikundi kinampa baraza jingine.

Mipaka ya ushahidi huu lazima itajwe. Wagonjwa wa Eldoret walikuwa tayari wakihudhuria kliniki, wana kadi na tarehe za kurudi, na nyuma yao kulikuwa na mpango mkubwa ulioanza mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Kipimo kikuu kilikuwa maelezo ya wanywaji wenyewe. Ikonge haina AMPATH. Hata hivyo, matokeo haya hayako pekee. Mwaka 1977 Griffith Edwards na Jim Orford waliripoti kutoka London kwamba waume 100 wenye uraibu wa pombe, nusu wakipewa tiba kamili na nusu kikao kimoja cha ushauri pamoja na wake zao, hawakuwa na tofauti ya maana baada ya mwaka. Huko Goa, India, utafiti wa Abhijit Nadkarni na wenzake wa 2017 ulihusu wanaume 377 waliokunywa kwa kiwango cha kudhuru: asilimia 36 ya waliohudumiwa na wanasihi wasio na taaluma waliondoka katika hali hiyo, dhidi ya asilimia 26. Utafiti wa Goa uliwaacha nje wale wenye dalili za uraibu kamili, na ndiyo sababu kitanda cha wiki ya kwanza hakiwezi kufutwa kwenye mpango.

Watetezi wa kituo cha kulazwa wana hoja mbili zenye uzito. Ya kwanza ni swali: mgonjwa atarudije kwenye mtaa ambako chang'aa inapikwa nyumba ya pili? Jibu ni kwamba atarudi tu. Anayetibiwa mbali kwa siku 90 anarudi siku ya 91 kwenye mtaa ule ule, safari hii bila mnasihi, na akirudi Oktoba, msimu wa bonasi ya chai, atakuta pesa mkononi na marafiki wanaomngoja. Ni afadhali ajifunze kupita mbele ya mangweni akiwa bado na kikao Alhamisi ijayo. Hoja ya pili ni aibu: mji mdogo hauna siri, na umbali humsitiri mtu. Kwa kweli, anayetoweka miezi mitatu Ikonge hutafutiwa sababu na soko zima. Anayeingia zahanati kila wiki anaweza kuwa amekwenda kupima presha.

Zanzibar hutajwa mara kwa mara kama kielelezo cha upande wa pili, na ni mfano mzuri. Tangu mwaka 2009, nyumba za soba zilizoanzishwa na waraibu wenyewe waliopata nafuu zimewasaidia watumiaji wa heroini visiwani. Lakini arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa, kwa ukali wake wote, ni nadra kuua mtu mzima mwenye afya. Ya pombe inaua. Tena nguvu ya nyumba hizo haionekani kuwa katika kuta zake. Inaonekana kuwa kwa yule anayekupokea mlangoni, ambaye mwenyewe alipita njia hiyo. Mtu wa namna hiyo anaweza kupatikana hata kwenye ukumbi wa kanisa.

Na kanisa Gusii si jambo dogo. Waadventista, waliofika Nyanchwa mwaka 1912, wamelea vizazi visivyogusa pombe kabisa, na kwa wengi mchungaji ndiye mnasihi wa kwanza na wa pekee. Ugumu unakuja pale anayeteleza anapohofia kufutwa katika ushirika: humwendea mchungaji akiwa amechelewa mno, au hamwendei kabisa. Ushirikiano kati ya zahanati na kanisa ungehitaji makubaliano ya wazi kwamba kuteleza ni sehemu ya maradhi haya. Mazungumzo hayo hayatakuwa mepesi.

Limebaki suala la pesa, ambalo watetezi wa majengo hulitumia kama kichaka cha kujificha. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti huduma za afya, utoaji wa leseni za pombe na udhibiti wa dawa za kulevya kwa pamoja. Kaunti ya Nyamira, yenye wakazi 605,576 kwa sensa ya 2019, inatoza ada ya baa na kuendesha zahanati kwa mkono ule ule. Tangu Oktoba 2024, chini ya mpango wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), Hazina ya Huduma ya Afya ya Msingi inakusudiwa kulipia huduma katika zahanati na vituo vya afya bila kumdai mwananchi mchango. Vikao 6 vya kikundi vinavyoendeshwa kwenye ngazi hiyo vinaweza kuingia humo. Miezi mitatu ya kulazwa haiwezi. Wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000, waliopewa mikoba yao ya kazi Septemba 2023, tayari wanapita nyumba kwa nyumba. Kuwafundisha maswali 10 ya kipimo cha AUDIT cha Shirika la Afya Duniani ni kazi ya siku chache. Kwa anayetaka kuzungumza usiku huu, laini ya NACADA, 1192, inapigwa bure.

Huenda kaunti hatimaye itahitaji pia kituo cha kulazwa, kwa wasio na makao, wenye maradhi mengine ya akili, au waliokwisha kushindwa njia nyingine zote. Idadi yao haiwezi kukadiriwa kutoka jukwaani. Itajulikana baada ya Ekerenyo kutenga vitanda vyake viwili au vitatu, zahanati zinazoizunguka Ikonge kuendesha vikundi kwa mwaka mmoja unaovuka msimu wa bonasi, na daftari kuonyesha ni nani alirudi kwenye chupa, mwezi gani, na baada ya kikao cha ngapi. Mpaka daftari hilo liwepo, mchoro wowote wa msanifu majengo unapimwa kwa kubahatisha.