UZI: "Kumbukeni Likoni." Sawa, tukumbuke vizuri basi.

1/ Kila uchaguzi ukikaribia, mjadala wa Pwani haumalizi siku mbili kabla mtu hajaandika "kumbukeni Likoni 1997". Kuna anayeandika kuwatisha watu wa bara. Kuna anayeandika kuwasuta Wadigo. Mimi ni Mdigo wa Ukunda, na wakati ule nilikuwa na miaka 15. Leo nasema nilikuwa wapi. Sitaji mwanasiasa wala chama, na ukitaja wewe kwenye majibu nitafuta.

2/ Kwa wadogo zetu ambao hamkuwa mmezaliwa: Jumatano usiku, tarehe 13 Agosti 1997, kundi la vijana wenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha polisi pale feri. Polisi 6 waliuawa. Bunduki zaidi ya 40 zilichukuliwa. Kituo kikachomwa moto, kisha zamu ikawa ya nyumba na vibanda vya watu wa bara.

3/ Haikuisha usiku ule. Mashambulizi yaliendelea kwa wiki kadhaa na kusambaa upande wetu wa Kwale. Waliouawa walipita 100. Waliohama makwao wanakadiriwa kufika 100,000. Maelfu walilala uani mwa Kanisa Katoliki la Likoni na vigodoro vyao. Wengi wa waliolengwa walikuwa Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu na Wakamba. Wengi wa washambuliaji walikuwa vijana wa Kidigo. Hilo silifichi, ni watu wetu.

4/ Sasa mimi. Usiku ule nilikuwa nimekaa barazani kwetu Ukunda, nasubiri suruali ya shule. Ilikuwa likizo ya Agosti. Jirani yetu, fundi cherehani, Mjaluo, alikuwa amepanga chumba cha mbele katika nyumba yetu ya Kiswahili. Alikuwa anashona kwa taa ya chemni. Likoni ni kama kilomita 30 kutoka kwetu, hatukusikia chochote. Aliniambia, "Mwanangu, nenda ulale, kesho utaipata."

5/ Asubuhi matatu za kutoka Likoni hazikuja. Hivyo ndivyo tulivyojua. Stendi ilikuwa imejaa watu wanaotazama barabara tupu. Halafu redio ikasema. Mama alikuwa ameshakaanga mahamri, na siku hiyo hakuna aliyekuja kununua.

6/ Nimewauliza wengi walikuwa wapi. Baba alikuwa zamu ya usiku jikoni katika hoteli moja Diani, waliambiwa wasitoke. Shangazi alikuwa Msambweni, anauguza mtoto. Rafiki yangu wa bara, tuliyejuana baadaye kazini, alikuwa chini ya kitanda Likoni, ana miaka 9, mkono wa mamake umemziba mdomo. Hawezi kulala na mlango wa chumba umefungwa mpaka leo. Ni usiku mmoja na barabara moja, lakini mimi nilikuwa nasubiri suruali.

7/ Kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika. Siku kama kumi kabla ya hapo, mtoto wa ami yangu alinikuta kisimani. Alikuwa na miaka 20, hana kazi. Akanambia, "Mwambie fundi wako akumalizie nguo haraka, hatakaa sana." Nilicheka. Maneno kama hayo tulikuwa tunayasikia mabarazani: kuna siku wabara watahama, kuna siku mashamba yatarudi. Sikumwambia fundi. Sikumwambia baba. Miaka mingi nilikuwa nasema "hatukujua". Si kweli. Tulisikia, tukaona ni porojo.

8/ Tuulize sasa kwa nini porojo ile ilipata masikio. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa Pwani. Anayedai ardhi apeleke dai lake lisajiliwe. Isiyodaiwa ikawa ya serikali. Mmijikenda aliyeshika ardhi kwa ukoo, bila karatasi, hakuwa na cha kupeleka. Tarehe 8 Oktoba 1963 yakasainiwa makubaliano ya ukanda huu, uliokuwa chini ya enzi ya Sultani wa Zanzibar, kuingia Kenya. Bendera ikabadilika. Karatasi za ardhi zikabaki vilevile.

9/ Ndiyo maana Kwale unamkuta mzee amezaliwa mahali, babake kazikwa hapo, minazi kaipanda mwenyewe, na kisheria ni skwota. Baadaye ploti za ufuoni Diani zikagawiwa wenye majina. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kikafa mwishoni mwa miaka ya 1980 na ajira zake. Kijana wa 1997 alikuwa anaona hoteli upande mmoja na jembe la babake upande mwingine, na hakuna kati ya hivyo kilichokuwa chake. Malalamiko yalikuwa ya kweli. Anayewaambia Wadigo "mlikuwa wavivu tu" hajui anachosema.

10/ Lakini hebu tuangalie kalenda. Ardhi ilikuwa na kidonda tangu 1908. Kwa nini damu imwagike Agosti 1997? Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 29 Desemba mwaka huohuo. Sheria ya wakati ule ilimtaka mshindi wa urais apate asilimia 25 ya kura katika mikoa 5 kati ya 8. Pwani ilikuwa mkoa mmoja mzima. Na ulikuwa unapiga kura pale ulipojiandikisha tu. Ukikimbilia Kisumu na kadi ya Likoni, kura yako umeiacha Likoni pamoja na sufuria zako.

11/ Kwa hiyo mtu akifukuzwa Likoni, anayenufaika ni nani? Mkulima wa Ng'ombeni? Yule hakupata hata shina la muhogo. Tume ya majaji iliyoundwa 1998, inayojulikana kama Tume ya Akiwumi, ilisikiliza mashahidi kuhusu vijana waliokusanywa, wakala kiapo na kufanyishwa mazoezi msituni, Kaya Bombo ikitajwa sana. Ripoti ilikamilika 1999. Wananchi tukaiona 2002. Miaka mitatu imekaliwa.

12/ Na kaya ni nini kwetu? Ni msitu wa wazee, mahali pa dua na makaburi, hukati mti ovyo. Kaya Kinondo, hapo karibu na Diani, imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008. Kwa hiyo walichukua pia heshima ya kaya, wakaifanya kambi. Mpaka leo ukimwambia mtu wa bara "kaya" anafikiria panga. Hilo nalo ni hasara ya 1997, na hakuna anayeihesabu.

13/ Hasara nyingine za "wenyeji", kwa wale wanaoandika kana kwamba Wadigo walishinda kitu: operesheni ya usalama ilipoingia Kwale, kijana wa Kidigo alikuwa mshukiwa kwa sura yake. Wanaume wa mtaa wetu walikuwa wanalala mashambani kwa kuogopa kukamatwa. Mimi nililala chini ya mkorosho siku nne, na mvua. Watu walikamatwa kwa mamia, wakapigwa, kesi nyingi zikaporomoka. Hakuna kigogo wa siasa aliyefungwa kwa sababu ya Likoni. Hata mmoja.

14/ Halafu watalii. Tarehe 31 Agosti alipokufa Diana, dunia yote ikawa inaulizana "ulikuwa wapi uliposikia?" Sisi jibu letu lilikuwa rahisi: tulikuwa nyumbani, kwa sababu kazi ziliisha. Ndege za watalii zilipungua, hoteli zikafunga milango au zikabakisha wafanyakazi wachache. Baba alirudishwa nyumbani na mshahara wa nusu mwezi. Alirudi kwenye jembe na miaka 46. Mdogo wangu wa kike aliacha shule mwaka uliofuata, na hakurudi.

15/ Fundi aliondoka siku ya tatu. Mama alimsaidia kufunga cherehani kwa gunia. Baba alimsindikiza mpaka kwenye lori, akasimama naye hadharani, watu wakiwaona, na siku zile hilo halikuwa jambo dogo. Mimi nilibaki ndani. Niliona aibu kumtazama. Alipoondoka mama akanipa suruali. Imekunjwa, vifungo vyote vipo. Pesa yake ya kushonea, shilingi 120, ilikuwa bado mfukoni mwangu.

16/ Nilimpata tena mwaka 2013, Likoni hapohapo, ana kibanda karibu na feri. Alirudi, kwani watoto wake walizaliwa huku, angekwenda wapi? Nikamwambia yote, maneno ya kisimani na hayo mengine. Akanyamaza kidogo. Kisha akanambia: "Hata mimi niliambiwa. Mteja wangu mmoja, Mdigo, aliniambia nihame. Nikaona anataka kunikwepa deni." Tukacheka, halafu hatukucheka tena. Pesa alikataa. Alisema nimnunulie chai.

17/ Na mtoto wa ami? Alipotea mwaka mzima. Akarudi amekonda, hasemi. Sikumuuliza alikuwa wapi usiku ule na hajaniambia. Mwaka jana nilimwuliza kitu kimoja tu: walikuahidi nini? Akasema, "Shamba na kazi." Ana karibu miaka 50 sasa. Anaishi palepale alipozaliwa. Bado skwota. Hati hana.

18/ Hapo ndipo nataka mjadala wetu ufike. Mwaka 2010 tukapata katiba mpya, 2013 tukapata serikali ya kaunti, na mwaka huohuo tume ya ukweli na maridhiano ikatoa ripoti yake, ardhi ya Pwani imo ndani. Katikati ya hayo tukasikia "Pwani si Kenya". Maneno yanabadilika, kidonda ni kile cha 1908. Na kila baada ya miaka mitano anatokea mtu anayekionyesha kidonda, halafu anamnyoshea kidole jirani yako badala ya ofisi ya ardhi.

19/ Kwa hiyo ukisikia kwenye jukwaa neno "wenyeji" na neno "wageni" katika sentensi moja, muulize msemaji: hati ngapi, kijiji gani, mwaka gani, kwa sheria ipi? Akiwa na jibu, msikilize hata kama humpendi. Akikujibu kwa jina la kabila, basi amekwambia anataka nini kwako. Anataka alichotaka kwa mtoto wa ami yangu.

20/ Na nyinyi ndugu zetu wa bara, mkiandika "kumbukeni Likoni", andikeni yote. Andikeni na baba aliyesimama kwenye lori. Si kwa ajili ya kutusafisha. Tulikaa kimya, na mimi nimeshasema. Ni kwa sababu ukimfanya Mdigo yeyote kuwa mshambuliaji, unamwachia aliyepanga aende zake. Yeye ndiye hajawahi kuulizwa alikuwa wapi tarehe 13 Agosti.

21/ Najua kuna watakaosema "kwa nini ufukue, watu wameshasameheana". Wengine wamesameheana, ndiyo, nimekunywa chai na mmoja wao. Lakini kusamehe hakukuzuii kujua. Mtoto wangu ana miaka 15 sasa. Juzi amenionyesha kwenye simu kikaragosi cha kuwacheka wabara wa Ukunda, anacheka. Nikamwambia kaa hapa. Nikamsimulia habari ya suruali.

22/ Nimemaliza. Wa Likoni, Ukunda, Msambweni, Lunga Lunga, na nyinyi mliohamia mbali na hamkurudi: mlikuwa wapi? Na swali la pili ndilo muhimu zaidi: kabla ya siku ile, mlisikia nini? Andikeni hapa chini. Majina ya watu wekeni kando, maneno yaleteni. Safari ijayo tukiyasikia tena, tuyatambue mapema, na tuambiane.