Pikipiki yenye kula mafuta: namna ya kutoa kilase na kubadilisha pistoni nyumbani

Motari mwenye kulipa verisma kila jioni anaogopa sana moshi wa bluu nyuma ya moto yake. Mota ikifunguliwa vibaya, siku tatu bila kazi zinageuka wiki mbili, na makuta ya minerval ya watoto yanaishia kwenye vipande. Lakini pikipiki nyingi zenye kufanya taksi Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira ziko na mota ya silinda moja, yenye kupozwa na upepo. Mtu mwenye uvumilivu, kle nzuri na nafasi safi anaweza kuifungua nyumbani.

Kwanza: pistoni kweli ndiyo iliisha?

Moshi wa bluu wakati wa kuongeza gazi, mara nyingi unaonyesha kama segma zimechoka, zile pete za chuma zenye kuzunguka pistoni. Moshi ukitoka asubuhi tu wakati wa kuwasha, kisha unaisha, mara nyingi shida iko kwa raba za supape. Hapo hakuna lazima ya kununua pistoni.

Kuko jaribio moja la bei ndogo. Mota ikiwa vuguvugu, buji inatolewa, kijiko kidogo cha mafuta ya mota kinamwangwa ndani ya silinda, buji inarudishwa, kisha kiki inapigwa. Kiki ikiwa nzito kupita mbele, segma, pistoni ao silinda vimekula. Ikibakia nyepesi, shida iko kwa supape ao gasketi ya kilase.

Kufungua

Mota inaachwa ipoe usiku mzima, juu kilase ya aliminiyumu ikifunguliwa ingali na moto inaweza kupinda. Esansi inafungwa, tanki inatolewa na kuwekwa mbali na mbabula na sigara. Kisha vinatoka eshapema, karbirateri na buji. Vumbi yote ya inje inasafishwa mbele ya kulegeza bulo hata moja.

Manyeto inazungushwa na kle mpaka alama ya T ilingane na alama ya kasha. Supape zote mbili zinapaswa kuwa huru. Kama hapana, mota inazungushwa tena mara moja nzima. Pale pistoni iko juu kabisa, na alama za pinyo ya juu zinaonekana: zinapigwa picha na telefone, ndizo zitaongoza wakati wa kufunga. Kikaza-sheni kinatolewa kwanza, kisha pinyo. Sheni inafungwa na waya ili isianguke ndani.

Ekru za kilase zinalegezwa kidogo-kidogo, kwa kupishana msalaba. Kilase ikikatala, inagongwa pole na kipande cha mbao. Turnavisi haiingizwe katikati: mukwaruzo mumoja tu unatosha mafuta na mpumuo vianze kutoroka.

Silinda inavutwa juu polepole. Mara moja kitambaa safi kinazibwa kwenye tundu la chini, juu klipsi ya pistoni iko kama spiringi: ikiruka ndani ya mota, mota nzima itafunguliwa. Mbele ya kutoa pistoni, mshale ao herufi zenye ziko juu yake zinaangaliwa zinatazama upande gani. Kisha klipsi moja inatoka, akse inasukumwa, pistoni inaachia bieli. Bieli ikicheza juu na chini, pistoni mpya haitaponyesha ile mota.

Silinda ndiyo inaamua

Watu wengi wanakosea hapa: wanaweka pistoni mpya ndani ya silinda yenye mikwaruzo. Moshi unarudi kisha siku chache. Kama kucha inasikia mstari, silinda inapelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kuialeza. Pistoni za kupita kipimo cha kwanza zinauzwa kwa 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 mm, na namba inaandikwa mara nyingi juu ya kichwa. Pistoni inanunuliwa mbele, fundi anachonga silinda kufuatana nayo. Asichonge bila kuiona.

Kufunga

Masizi yanakwanguliwa na mbao, mabaki ya gasketi yanatoka yote. Silinda yenye kutoka kwa mashine inaoshwa na maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kibakie cheupe, inakaushwa, kisha inapakwa mafuta. Ule unga wa chuma ukibakia, unakula segma.

Segma zinawekwa herufi zikitazama juu, na nafasi zao zisilingane mstari moja. Klipsi na gasketi zinakuwa mpya siku zote. Za zamani hazirudi. Ekru zinakazwa kwa msalaba, kwa awamu, na nguvu yenye kitabu cha ile pikipiki kinasema. Alama ya T na za pinyo zikilingana tena, kikaza-sheni kinarudi, supape zinapimwa nafasi. Mota inazungushwa na mkono mara mbili nzima: kitu kikigonga, isilazimishwe, ifunguliwe tena.

Rodaje, na mambo yenye kuua pistoni

Kilometa 500 za kwanza: hakuna wateja wawili, hakuna mifuko ya makala kwenye milima, hakuna gazi ya mwisho. Mafuta yanabadilishwa mapema, juu yanabeba unga wa chuma mpya.

Mara nyingi pistoni inakufa juu ya mambo madogo: filtre ya hewa iliyotobolewa ao kutolewa, vumbi la barabara, esansi ya machupa yenye maji, na mafuta yenye hayapimwe. Kupima mafuta kila asubuhi kunaomba dakika mbili. Motari mwenye kuzikosa anazilipa kwa wiki nzima bila verisma.