Silikanti: Jina Lililotoka Kwenye Jiwe

Wanafunzi wangu hapa Tanga wakikutana na neno coelacanth, jina la samaki, kitabuni hulisoma ko-e-la-ka-nthi. Siwacheki. Sisi husoma kilichoandikwa. Mwingereza huandika hivyo kisha akatamka sii-la-kanth, silabi tatu, mkazo kwenye ile ya kwanza.

Lawama si zake peke yake. Wagiriki walisema koilos, yaani chenye uwazi ndani, na akantha, mwiba. Kilatini kikageuza oi kuwa oe na k kuwa c, Kiingereza nacho kikaisoma c hiyo kama s. Aliyeunga vipande hivyo ni Louis Agassiz, mtaalamu wa Uswisi, miaka ya 1830. Hakuwa na samaki mkononi, alikuwa na kisukuku. Vijiti vya pezi la mkia alivyoviona humo vilikuwa na uwazi kama mianzi, basi akamwita samaki huyo mwiba mtupu. Wataalamu waliamini ametoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita.

Desemba 1938, nahodha Hendrik Goosen alimleta mmoja bandarini East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji alimpakia kwenye teksi, dereva akinung'unikia harufu. Urefu wake ulikaribia mita moja na nusu. Profesa J.L.B. Smith akampa jina la Latimeria, kwa heshima ya bibi huyo, kisha akatangaza zawadi ya pauni 100 kwa atakayepata wa pili.

Wa pili alivuliwa mwaka 1952 na Ahmadi Abdallah, kisiwani Anzwani, Komoro. Wenyewe kule hawakushangaa kumwona: walikuwa wakimvua siku zote, na jina lake gombessa. Hapo ndipo ninapowaambia wanafunzi kwamba "kugunduliwa" ni neno la kupimwa.

Kwetu Tanzania alinaswa mwaka 2003, na baadaye wavuvi wa Tanga, hasa wa Kigombe, wakawa wanamkuta kwenye majarife yao ya papa. Hifadhi ya bahari yenye jina lake ilitangazwa mwaka 2009. Kiswahili kimeshamaliza kazi: si-li-ka-nti, silabi nne, kila moja imeishia na irabu, mkazo kwenye ka. Waandishi wa vitabu vya shule, andikeni hivyo, na gombessa pembeni yake.