Gurudumu la Mkia na Gurudumu la Mbele

Ndugu na jamaa, mwaka huu vijana wetu wawili wanajifunza urubani hapa Maryland, nami nimeombwa niwaeleze habari za ndege za zamani.

Ndege nyingi za kujifunzia za wakati ule, kama Piper Cub, zilikuwa na magurudumu mawili makubwa na kigurudumu kimoja mkiani. Uzito wake uko nyuma ya yale mawili, kwa hiyo inapokimbia ardhini huwa kama mkokoteni unaosukumwa: ukipinda kidogo, hutaka kupinda zaidi. Katika Cessna 150, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, gurudumu la tatu liko mbele, na uzito hutangulia magurudumu makuu. Hiyo ni kama mkokoteni unaovutwa, hujinyoosha.

Mimi nilijifunza kwa Cessna 150 mwaka 1983, nikajiona fundi. Miaka mitatu baadaye nikapanda Cub. Nilitua vizuri, nikalegeza miguu kwenye kanyagio. Upepo wa ubavuni ukatupiga, mkia ukageuka, na ndege ikatazama ilikotoka. Ncha ya bawa ilikwaruzika, na kosa lilikuwa langu. Mwalimu wangu, mzee Mmarekani mweusi, aliniuliza tu: "Nani alikuambia tumefika?"

Ndiye aliyenipeleka Croom. Wageni wetu huwa tunawapeleka College Park, ambako Wilbur Wright alifundisha maofisa wa jeshi mwaka 1909. Croom hatuwapeleki. Huko, mwaka 1941, marubani weusi waliozuiwa kwingine walijipatia uwanja wao, uliojulikana baadaye kama Columbia Air Center, chini ya John W. Greene Jr. Ulifungwa katika miaka ya 1950, na sasa ni sehemu ya hifadhi ya mto Patuxent. Wengi wetu wa Prince George's tumepita jirani bila kujua.

Tangu 1991, sheria ya Marekani humtaka rubani mpya wa ndege ya mkia apate kwanza mafunzo yake na sahihi ya mwalimu. Basi wanangu, kuanza na gurudumu la mbele si aibu. Lakini kabla hamjawapakia mama zenu, fanyeni saa chache katika ndege ya mkia. Na siku moja tufuatane Croom, mkaone waliotutangulia walianzia wapi.