Vikokotoo vya kale vilivyofufuliwa vina somo kuhusu uhai wa lugha

Mwambie mwanafunzi wa sekondari ajumlishe tatu na nne, ajumlishe tano na sita, kisha azidishe majibu hayo mawili. Atachukua kalkuleta yake na kubonyeza: fungua mabano, tatu, jumlisha, nne, funga mabano, zidisha, fungua mabano, tano, jumlisha, sita, funga mabano, alama ya usawa. Hiyo ni mibonyezo 12. Kuna aina nyingine ya kalkuleta ambayo haina kitufe cha usawa wala haihitaji mabano, na hesabu hiyohiyo inaimaliza kwa mibonyezo 9. Zile za aina hiyo zilizopendwa mno na wahandisi ziliacha kuundwa kati ya 1989 na 1995. Ajabu ni kwamba leo zinauzwa tena, zikiwa mpya.

Huenda msomaji akauliza, safu ya lugha inatafuta nini katika vifaa vya wahandisi? Jibu ni jepesi. Kalkuleta hizo zina sarufi yake, na watu waliotaka zirudi walikuwa wakiipigania sarufi hiyo. Kisa chao kinatufaa sisi tunaojadili kila mara kama Kiswahili kinaweza kubeba sayansi.

Kwanza neno lenyewe. Wanafunzi wetu husema kalkuleta. Kamusi zinasema kikokotoo, na wapo wanaoandika kikokotozi. Kimofolojia, kikokotoo kimezaliwa na kitenzi kokotoa kwa njia ileile iliyotupa kipimo kutokana na pima, na kizibo kutokana na ziba. Nchini Tanzania neno hili lilivuma mwaka 2018 kwa maana tofauti, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, na mjadala ukawa mkali. Sikio la Mswahili pia linasikia kokoto ndani ya kokotoa. Jina la Kiingereza nalo linatokana na Kilatini calculus, maana yake kijiwe, kwa kuwa watu wa kale walihesabu kwa vijiwe. Katika makala haya nitatumia kikokotoo.

Sasa tuangalie sarufi yenyewe ilikotoka. Mwaka 1924 mwanamantiki wa Poland, Jan Łukasiewicz, alibuni njia ya kuandika fomula za mantiki bila mabano hata moja. Alichofanya ni kuitanguliza alama ya tendo mbele ya vitu vinavyotendwa. Kwa hesabu ya kawaida, badala ya kusema "tatu jumlisha nne", unasema "jumlisha tatu nne". Katika miaka ya 1950 mwanafalsafa Charles Hamblin, aliyekuwa akifundisha Australia, alikuwa miongoni mwa walioona kwamba mpangilio huo ukigeuzwa, tendo likaja mwisho, unaifaa sana kompyuta. Ndipo mtindo huu ukaitwa wa Kipolandi uliogeuzwa, au RPN kwa kifupi.

Kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani, maarufu kama HP, iliutumia mtindo huo mwaka 1968 katika HP 9100A. Hii ilikuwa mashine ya mezani yenye uzito wa karibu kilo 18, na bei yake ilikuwa dola 4,900. Bill Hewlett, mmoja wa waasisi wa kampuni, akataka ndogo itakayoingia katika mfuko wa shati lake. Waliochunguza soko walionya kwamba haitanunuliwa, kwani nani angelipa mamia ya dola ilhali kila mhandisi alikuwa na rula yake ya kutelezesha, iliyomtosha kukokotolea? Hewlett hakusikia. Mwaka 1972 HP-35 ikatoka kwa dola 395, ikiwa na vitufe 35, na iliweza kutafuta sini, kosini na logi kwa muda mfupi. Iliuzwa kupita matarajio yote. Haikupita miaka mitano, kampuni zilizokuwa zikiunda rula hizo zikawa zinafunga mitambo yake.

Hebu tuirudie ile hesabu ya mwanzo kwa sarufi ya HP-35. Bonyeza tatu, kisha kitufe kikubwa cha ENTER, kisha nne. Namba hizo mbili zinakaa juu kwa juu kama sahani zilizorundikwa jikoni. Bonyeza jumlisha: mashine inaziondoa zote mbili na kuweka saba mahali pake. Bonyeza tano, ENTER, sita, jumlisha: sasa kuna saba chini na 11 juu yake. Bonyeza zidisha, unapata 77. Rundo hilo lina nafasi 4, na ukizoea unaona kila jibu la katikati likijitokeza, kwa hivyo ukikosea unajua umekosea wapi.

Mtu aliyezoea "tatu jumlisha nne" huona mtindo huu kama kinyumenyume. Lakini sikiliza Kiswahili kinavyotamkwa: "Tatu na nne, zijumlishe. Tano na sita, zijumlishe. Hayo majibu mawili, yazidishe." Hakuna aliyehitaji mabano hapo, na hakuna mzungumzaji wa Kiswahili atakayepotea njia. Kiambishi cha mtendwa zi- kinadai kwamba msikilizaji awe tayari ameshika namba fulani akilini; ya- nacho kinamwelekeza kwenye majibu, si kwenye namba za awali. Vitu vinatajwa kwanza, tendo linafuata, na upatanisho wa kisarufi unaonyesha tendo linagusa nini. Kazi inayofanywa na rundo ndani ya kikokotoo ndiyo inayofanywa na ngeli mdomoni mwetu.

Sidai kwamba Kiswahili ni RPN, la hasha. Sentensi yetu ya kawaida huanza na mtenda, kikafuata kitenzi, kisha mtendwa. Ninachosema ni kwamba mpangilio unaoitwa wa ajabu na Mwingereza tayari tunao katika usemi wa kila siku, na mwalimu anayetaka kuufafanua hana haja ya kuazima mfano ng'ambo.

Turudi kwa wahandisi. Baada ya HP-35 kilikuja kizazi kizima cha watu waliokulia katika sarufi hii. Mwaka 1979 ikatoka HP-41C, iliyoweza kuandika herufi na kupanuliwa kwa vipande vya ziada, na ambayo wanaanga wa Marekani waliibeba katika vyombo vyao. Mwaka 1982 zikatoka HP-15C na HP-16C, pana kuliko zilivyo ndefu, za kushikwa kwa mikono miwili na kubonyezwa kwa vidole gumba. Ya kwanza ilimudu namba changamano na matriksi, na ilitafuta eneo lililo chini ya mkunjo wa grafu. Mwanahisabati William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichangia hesabu zilizokuwa ndani yake. Ya pili iliundwa kwa ajili ya waandishi wa programu za kompyuta. Mwaka 1988 ikafuata HP-42S, iliyokusanya sehemu kubwa ya nguvu za HP-41C katika kiboksi chembamba.

Kisha zikakatika. HP-15C na HP-16C ziliachwa mwaka 1989, HP-42S mwaka 1995. Kompyuta za mezani zilikuwa zimeshika kazi nzito, na shule zilitaka vikokotoo vya kuchora grafu. Lakini kuna ndugu yao mmoja aliyenusurika. HP-12C, kikokotoo cha watu wa fedha kilichotoka 1981, kina umbo lilelile na sarufi ileile, na hakijaacha kuuzwa hadi leo. Kwa nini cha benki kiishi na cha wahandisi kife? Sababu moja ni mtihani. HP-12C ni mojawapo ya vikokotoo vichache vinavyoruhusiwa katika mtihani wa kimataifa wa wachanganuzi wa fedha, CFA. Kila mwaka basi kuna kundi jipya la vijana wanaoweza kukinunua na kujifunza sarufi yake.

Jambo hili si geni kwetu. Karatasi ya hisabati ya KCSE inaruhusu kikokotoo kisichotoa sauti na kisichoweza kuandikiwa programu. Kwa kanuni hiyo, HP-15C na HP-42S haziingii katika chumba cha mtihani, kwa kuwa zinapokea programu. Mwanafunzi wetu hukutana na mtindo wa mabano na alama ya usawa, akamaliza shule akiamini kwamba hesabu haina namna nyingine ya kuandikwa.

Wahandisi waliobaki na vikokotoo vyao vya zamani hawakunyamaza. Bei ya HP-15C iliyotumika ilipanda ikapita ile ya dukani ya miaka ya 1980, na watumiaji wakatia sahihi ombi la kutaka irudishwe. Majibu yalikuja kwa njia tatu, nazo ni vizuri kuzitofautisha.

Njia ya kwanza ni kuunda kitu kipya kinachofanana na cha zamani. Mwaka 2007, HP-35 ilipotimiza miaka 35, kampuni ilitoa HP 35s. ENTER kubwa ilirudi, na RPN pia. Hata hivyo, wazoefu waligundua kwamba baadhi ya kazi walizozitegemea hazikuwemo. Pia kulikuwa na kasoro katika programu yake, na kifaa hakikuwa na tundu ambalo mtumiaji angepitishia marekebisho. Sura ilikuwa ya mzee, lakini mwenyewe hakuwa yule wanayemfahamu.

Njia ya pili ni kunakili. Hapa chipu ya leo hufunzwa kuiga chipu ya zamani, kisha programu asilia inaendeshwa juu yake vilevile ilivyoandikwa. Ndivyo HP ilivyofanya mwaka 2011 ilipotoa toleo maalumu la 15C, na ndivyo lilivyofanywa toleo jingine la 2023 chini ya leseni ya jina la HP. Kampuni ndogo ya Uswisi, SwissMicros, nayo iliunda DM15L na DM16L kwa njia hiyo. Hesabu iliyochukua sekunde nyingi katika kifaa cha 1982 sasa inaisha papo hapo, lakini vidole havihitaji kujifunza lolote upya. Anayefahamu kazi ya kunukuu miswada ya tenzi kutoka hati za Kiarabu hadi za Kirumi ataelewa: herufi zinabadilika, mizani haibadiliki.

Njia ya tatu ni ya kijasiri zaidi. Thomas Okken aliandika programu huria iitwayo Free42, inayotenda kila kinachotendwa na HP-42S bila kutumia hata mstari mmoja wa programu ya HP. Alianza upya kabisa, akafuata tabia ya mashine. Mwaka 2017 SwissMicros waliiweka programu hiyo ndani ya kikokotoo kiitwacho DM42, chenye skrini kubwa na tundu la USB la kupokelea marekebisho. HP-42S ilionyesha tarakimu 12. DM42 inakokotoa kwa tarakimu 34. Kwa hiyo jibu linaweza hata kutofautiana mwishoni kwa kuwa jipya ni sahihi zaidi, na hakuna anayelalamika kwamba asilia imevunjwa. Programu ambayo mhandisi aliiandika katika daftari lake mwaka 1990 bado inasomeka na bado inafanya kazi.

Linganisha HP 35s na DM42. Ya kwanza ilitoka kwa kampuni yenye jina na haki zote. Ya pili ilitoka kwa watumiaji, bila jina la HP, ikiwa imebadilisha karibu kila kitu cha ndani. Lakini iliyopokewa kama mrithi halisi wa HP-42S ni DM42. Kumbe kampuni ilimiliki mashine, ila sarufi ilikuwa imeshahamia kwa wasemaji wake. Wao ndio waliojua kipi kinaweza kubadilishwa na kipi kikiguswa kitu chenyewe kinakuwa kingine.

Hapa ndipo kisa hiki kinapotugusa. Wataalamu wetu wamefanya kazi kubwa ya kuunda istilahi. Namba changamano, matriksi, mkunjo, hayo yote yapo. Tanzania inafundisha hisabati ya shule za msingi za umma kwa Kiswahili, kwa hiyo huko kuna watoto wanaoyatamka kila siku. Nchini Kenya, kuanzia gredi ya nne hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, na mtihani wake ni wa Kiingereza. Tunaweza kubishana mwaka mzima kama ni kikokotoo au kikokotozi, lakini asiyewahi kukokotoa kwa Kiswahili hatalihitaji neno lolote kati ya hayo mawili. HP-12C inatuonyesha kinachofanywa na mtihani, na Free42 inatuonyesha kinachofanywa na watumiaji wasiongoja ruhusa.

Mitihani haibadiliki kesho, na simo katika kundi la wanaodhani itabadilishwa kwa makala ya gazeti. Lipo jambo dogo ambalo mwalimu wa Kiswahili anaweza kulifanya muhula huu bila kuomba kibali. Anapofundisha upatanisho wa kisarufi au kiambishi cha mtendwa, awape wanafunzi hesabu yenye mabano mawili matatu, waiandike kwa maneno bila kutaja mabano. Wataandika "zijumlishe", "yazidishe", "ligawanye kwa mbili". Atakayekosea ngeli atapata jibu lisilo sahihi, na ataona mwenyewe ni kwa nini.