Chai ya Mnada na Namba ya Mkulima

Watu huja Mama Ngina, ufukweni Mombasa, kula mihogo ya karai na kunywa madafu. Mimi huja kutazama meli zikitoka bandari ya Kilindini, maana baadhi yake huondoka na chai iliyopita mikononi mwangu. Miaka mingi nimefanya kazi katika chumba cha kuonjea chai hapa mjini. Napima majani kwa mizani ndogo, namimina maji yanayotokota, nangoja, kisha napanga mabakuli meupe safu kwa safu. Muonjaji anapita na kijiko, anavuta kwa kishindo, anatema, anakadiria bei. Kila sampuli ina jina la kiwanda. La mchumaji halimo.

Chai hiyo huuzwa mnadani. Mnada wenyewe ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa 1969. Ule wa London ulipofungwa 1998, macho ya wanunuzi yalikuwa yameshageukia huku.

Kabla ya mnada huo kuanza, serikali ya kikoloni iliwaachia walowezi na makampuni kilimo cha chai. Mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954 ulimfungulia Mwafrika mlango, na mwaka 1957 kiwanda cha Ragati, Nyeri, kikaanza kusaga majani ya wakulima wadogo. Lakini mpango huohuo ulipima mashamba na kutoa hati, nazo nyingi ziliandikwa kwa jina la mume. KTDA, mamlaka ya maendeleo ya chai, ilipoundwa 1964, namba ya mkulima, ambayo majani na malipo huandikwa kwayo, ikafuata shamba. Mke alichuma majani mawili na chipukizi, akabeba kikapu mgongoni hadi kituo cha kukusanyia majani. Malipo na bonasi vikamwendea mwenye namba.

Msitu nao una dai lake kwa chai. Viwanda hukausha chai kwa moto wa kuni, kwa hiyo mikaratusi ilipandwa kwa wingi. Ikipandwa karibu na chemchemi huinyonya, na anayekwenda mbali kuteka maji ni mwanamke yuleyule mchumaji. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mikanda ya chai iitwayo Nyayo pembezoni mwa misitu ili kuilinda. Ilifanya vyema, kwani chai yenyewe huishi kwa mvua na umande wa misitu hiyo.

Anayetaka kumsaidia mkulima mdogo aanzie hapo: mke apewe namba yake na alipwe mwenyewe, na miti ya kuni ipandwe mbali na vyanzo vya maji. Nasi wa mnadani tusiishie kuuliza ladha na bei. Tuulize pia nani aliyelipwa.