Nisba ya Difu

Ndani ya ekseli ya nyuma ya gari, katika lile tumbo la chuma ambalo mafundi wetu hulijua kwa jina la difu, mna gia mbili zilizoshikana meno: ndogo, nayo ni pinioni, izungushwayo na propela itokayo kwenye giaboksi, na kubwa, nayo ni krauni, ambayo kwayo shafti za magurudumu hupata mwendo. Ukigawa idadi ya meno ya krauni kwa idadi ya meno ya pinioni, jawabu upatalo ndilo tuliitalo nisba ya difu. Na neno nisba, ambalo baadhi ya walimu wa hesabu hupendelea kuliita uwiano, lafaa kwa kuwa linamkumbusha msikiaji kwamba tarakimu hiyo haina maana ila kwa kupimwa na nyingine.

Chukua Chevrolet Chevelle SS 396, gari la Kimarekani la miaka ya 1960 lenye injini kubwa, lililoweza kuagizwa na difu ya meno 41 kwa 11, yaani nisba ya 3.73. Kwa kuwa hesabu mbili hizo hazina kigawo cha pamoja ila moja, kila jino la pinioni hukutana kwa zamu na meno yote ya krauni, na ulikaji ukaenea sawasawa. Ilhali katika jozi ya 39 kwa 13, jino moja hurudia meno yale yale matatu daima.

Amma katika kuchagua, wengi huvutwa na 4.10, madhali nisba ikizidi, msukumo wa magurudumu huzidi, na gari huondoka kwa kishindo. Walakini injini nayo hulipa. Kwa gurudumu la kimo cha inchi 26, gia ya juu ikiwa moja kwa moja, mwendo wa maili 60 kwa saa huitaka injini izunguke mara 2,400 hivi kwa dakika kwa nisba ya 3.08, na mara 3,200 hivi kwa 4.10, na tofauti hiyo dereva huisikia masikioni na kuilipia kwenye petroli safari nzima.

Kadhalika, ukivalisha gurudumu la inchi 28 badala ya lile la 26, ile 3.73 yako hutenda kazi kama 3.46, na giaboksi ya Muncie M20, ambayo gia yake ya kwanza ni 2.52, huhitaji difu yenye nisba ndogo kuliko M21 yenye 2.20, ili gari liondoke kwa nguvu zile zile.

Kwa hiyo, mwenye gari la kutembelea barabarani, ambalo gia yake ya juu haipungui moja, naona atosheke na 3.31 au 3.55, na 4.10 amwachie mshindani wa mbio fupi, au yule aliyefunga giaboksi ambayo gia yake ya juu ni 0.70, kwani kwake yeye nisba hiyo hushuka hadi 2.87 afikapo kwenye mwendo wa safari.